Mwanangu Anataka Kutawa

Kwako Rukia,

Salamu sikuandikii. Nimekusalimu asubuhi kabla sijatoka, ukanijibu "morning" bila kufungua macho, basi tuchukulie tumeshasalimiana.

Niko ndani ya gari, kwenye maegesho ya wafanyakazi hapa uwanja wa ndege, mapumziko ya mchana. Ndege zinapita juu ya paa na kila ikipita moja kalamu inaruka, kwa hivyo ukiona mwandiko umepinda usidhani ninalia. Kesho nitakupeleka Houston. Tutakaa garini saa nyingi na ningeweza kukwambia haya kwa mdomo, lakini najijua. Nikifungua mdomo nitagomba, nikigomba utavaa vile vidude vyako vya masikioni, na tutafika hekaluni kwa Su Ba tumenuniana kama wake wenza. Bora niandike.

Habari ya dawa yako ya pumu, ya koti, ya kunipigia simu ukifika, hayo nayapita. Unayajua, na utayasahau niandike nisiandike.

Ninaandika juu ya lile swali. Kesho, pengine kabla hujateremsha begi, Su Ba ataniuliza mbele yako kama nimekubali unyolewe nywele uwe mtawa wa Buddha. Alikwishatuambia: kwa sheria yao hawamnyoi mtu ambaye mzazi wake hajatoa ruhusa kwa ulimi wake mwenyewe. Una miaka kumi na tisa. Kwa sheria ya Texas huna haja nami hata kidogo. Unaweza kuolewa, unaweza kuingia jeshini, unaweza kwenda dukani ukanunua bunduki. Ni watu wa Buddha peke yao ambao kwao mimi bado ni mama yako. Ndiyo maana wiki nzima unaosha vyombo bila kuambiwa. Usidhani sikuona.

Jibu langu liko mwisho wa barua. Usiruke kurasa.

Mambo yalianza vibaya kwa sababu ya neno. Ilikuwa Jumapili, tunakula, na shangazi yako Salha yuko hewani kutoka Pearland, simu tumeiegemeza kwenye chupa ya maji kama kawaida yetu. Ukaweka kijiko chini, ukasema kwa Kiswahili, Kiswahili kitupu, hata nikajua jambo ni zito:

"Mama, mimi nataka kutawa."

Sasa sisi watu wa pwani, kutawa tunakujua. Msichana akishaposwa anawekwa ndani, haonekani barabarani, halioni jua mpaka siku ya harusi. Huko ndiko kutawa. Basi mimi na shangazi yako tulisikia kitu kimoja.

"Umeposwa na nani?" nikauliza, mkono umeshika kifua.

Salha hata hakungoja. Alipiga kigelegele mpaka simu ikakoroma. "Alhamdulillahi! Nani kasema watoto wa Amerika hawana adabu? Mtoto mwenyewe kataka kutawa! Zuhura, umelea, wallahi umelea! Haya, mwana wa nani? Wa huku kwetu Houston au wa huko kwenu kwenye mindege?"

"Shangazi, no. Sio kuolewa. Kutawa, kuwa mtawa. Kama wale wa Buddha. Nimeangalia kwenye kamusi."

Salha, polepole, kama nesi anayeuliza mgonjwa panauma wapi: "Zuhura. Amesema Buda? Yule mwenye tumbo, wa kwenye mkahawa wa Kichina?"

"Huyo siye, Shangazi. Yule wa tumbo ni mwingine."

"Yallah! Kumbe wako wawili!"

Ukacheka. Nami nikacheka, mpaka chozi likanitoka, na kicheko kilipokwisha chozi halikukoma. Nikaenda jikoni nikafungua bomba.

Kamusi yako haikukosea. Mtawa ni mtu aliyejitenga na dunia, ndivyo ilivyoandikwa. Ila haikukwambia kwamba mama yako ametawa kabla yako.

Nilikuwa mdogo kuliko ulivyo sasa. Niko kidato cha pili, napenda jiografia, naweza kukuchorea mito ya Afrika bila kutazama kitabu. Siku moja nikarudi kutoka shule nikakuta viatu vya wageni mlangoni. Kesho yake sare yangu ilikuwa imefuliwa, imepigwa pasi, imewekwa juu ya kabati nisikofikia. Hakuna aliyenigombeza. Hakuna aliyenipiga. Nilipakwa liwa, nikafukizwa udi, somo wangu akaja kila jioni kunifunza jinsi ya kukaa, jinsi ya kutembea, jinsi ya kunyamaza. Baba yako alikuwa Houston, picha yake ndiyo iliyoletwa. Mama yangu alipoulizwa kama binti amekubali, mimi niko nyuma ya pazia, nasikia, alisema "Amekubali" kwa sauti ya mtu anayejibu bei ya nyanya. Wakaja kuniuliza mimi nikanyamaza, na kwetu msichana akinyamaza ndiyo amekubali. Nami nilikuwa nimeshafunzwa kunyamaza vizuri sana.

Nikaja Gulfton, hapo Houston. Yale maghorofa unayakumbuka kidogo. Baba yako anakwenda safari na lori, ananiambia nisimfungulie mtu mlango, hawa watu hatuwajui. Basi nikatawa mara ya pili, ghorofa ya juu, kiyoyozi kinavuja kwenye ndoo na wewe tumboni. Ulipokuwa na miaka minne akatoka na mzigo wa Ohio. Mzigo ukafika, yeye hakurudi. Alipopiga simu alisema anahitaji kutuliza roho. Roho ikatulia kwa mke mwingine, na watoto wake ndio wale unaowaona kwenye simu siku za Idi.

Kwa hiyo uelewe kwa nini neno lako lilinichoma. Nilikuleta Euless kwa sababu hapa kuna kazi ya zamu na mwanamke anaweza kuendesha gari lake mwenyewe. Nilikupa funguo ulipofika miaka kumi na sita, Salha akanitukana, nikakupa. Nilitaka uwe na kila mlango. Na wewe ukazichukua funguo hizohizo ukaendesha mpaka kwenye nyumba ya watawa, ukapiga hodi mwenyewe.

Lakini sitajifanya sijui ilikotoka hamu hii.

Bibi yako alipofariki Mombasa, nilipata habari alfajiri. Nikavaa sare nikaenda kazini kusukuma viti vya magurudumu. Wewe ulikuwa umekaa ukingoni mwa kitanda, unalia, mguu mmoja una soksi na mwingine hauna. Nikakwambia, "Vaa viatu, tunachelewa." Nilidhani najikaza kwa ajili yako. Khitma yake tuliiona kwenye simu, picha inaganda, sauti inakatika, halafu nikakuambia ulale, kesho shule. Sikukuuliza ulilia wapi. Nimekuja kujua mwaka jana tu: bibi yake rafiki yako Linh alipofariki, kwao Wavietnam walikutana kila wiki kumsomea, wiki saba nzima, na kila wiki ulikwenda. Uliniambia mwenyewe, tena kwa upole: "They let me cry, Mama." Ulikuwa unamlilia bibi wa watu kwa niaba ya wako.

Hilo sitalipamba. Ila ujue nami nilikuwa natafuta mahali pa kulia. Uwanja huu wa ndege hauna pembe isiyo na kamera.

Salha, baada ya ile Jumapili, alinipigia kila siku. Mara aseme, mlete Pearland, atakaa na mume wangu amsomeshe. Mara, ulimlea kwa simu na wali wa mikrowevu, ndiyo matokeo haya. Mpaka siku moja akasema, "Mfungie ndani, Zuhura, mpaka akili imrudie."

Nikamwambia, "Dada Salha, yaani nimtawishe ili asitawe?"

Akanikatia simu. Nayo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumjibu wifi yangu maisha yangu yote, kwa hiyo hata kwa hilo una mkono.

Ndipo nikakwambia: sawa, sikufungi, lakini nami nitakwenda nione. Sisi ni Shafii. Najua dini ikishaenea haikosi madhehebu, na kila madhehebu yana mahali pake pa kumweka mwanamke. Nilitaka kupaona hapo mahali. Ukaniambia, "Mama, Buddhism is not like that." Nikakwambia tutaona.

Na ajabu, wiki ileile wakanipa abiria, mzee wa Kithai mwenye shuka la rangi ya manjano ya kuiva, kichwa kimenyolewa. Nikaweka breki ya kiti, nikanyoosha mkono nimsaidie kuinuka. Akarudisha mkono wake kama ameona moto, na kijana aliyekuwa naye akaruka kati yetu. Mwenzangu akaudhika kwa niaba yangu: "What's his problem?" Nikamwambia, "Muache, ana udhu." Nilikupa kisa hicho ukacheka mpaka ukakaa chini sakafuni. "Mama! Sio udhu! Ni nadhiri. Huyo ni Theravada, hawagusi wanawake kabisa, hata mama zao." Wewe ulicheka. Mimi nilibaki na hilo neno la mwisho. Hata mama zao.

Siku ya kwanza tulikwenda kwa Walao, watu wa Laos, huko kaskazini ya Fort Worth. Njiani ukanisomesha. Ukasema Buddha alipokufa India wanafunzi wake hawakukubaliana juu ya kila kitu, na mafundisho yakatoka kwa njia mbili kubwa. Moja ilishuka kusini, Sri Lanka, kisha Burma, Thailand, Laos, hao ndio Theravada, nao wanajiita wafuasi wa wazee wa mwanzo. Nyingine ilipanda kaskazini na misafara ya wafanyabiashara mpaka Uchina, ikafika Korea, Japani, Vietnam, wao wanasema gari lao ni kubwa, linabeba watu wote. Halafu ikapanda milima ya Tibeti na huko ikawa na siri zake. Ulisema kwa raha, mikono yote miwili umeiondoa usukanini, hata nikakupigia kelele. Nikawaza, mtoto huyu ana jiografia yangu. Sikukwambia.

Pale kwa Walao palikuwa pazuri, sikatai. Watu walitupokea. Watawa wanaume wamekaa mbele, juu ya jukwaa, wanasubiri kula kabla ya adhuhuri. Wanawake wako nyuma, jikoni, sufuria kubwa kama zetu za maulidi, jasho linawatiririka, wanapika, wanapakua, wanapiga magoti kupeleka. Kulikuwa na mama mmoja amenyoa, nguo nyeupe, anasugua sufuria. Nikamuuliza kama yeye ni mtawa. Akanionyesha kwa kidole na gumba, kidogo hivi. Nusu.

Garini ukaanza kunieleza bila kuulizwa. Kwamba zamani wanawake wa Sri Lanka walikuwa watawa kamili, walipanda merikebu mpaka Uchina kuwapa wanawake wa huko daraja hiyo. Kisha kwao wenyewe vita vikaja, watawa wanawake wakaisha, kamba ikakatika. Miaka mingi sana ikapita, na wakati wetu huu ndipo baadhi yao wakarudi kuiomba daraja ileile kwa warithi wa wale Wachina waliopewa. Wamepewa. Na bado wako wakubwa, wanaume, wanaosema haikuswihi.

"Haikuswihi," nikasema.

"What does that mean exactly?"

"Maana yake umefanya kila kitu, na aliyekaa mbele anasema hukufanya."



Kwa watu wa Tibeti kule Dallas sikukaa sana. Jengo la ofisi, jirani na karakana ya magari, ndani mazulia na picha za rangi kali, miungu yenye mikono mingi, mimi nasoma Kulhuwallahu kimoyomoyo. Waliokuwepo karibu wote Wazungu, na wapole. Mama mmoja mwenye shanga mkononi akaniambia, amenishika bega, kwamba maumivu yangu yanatokana na kung'ang'ania, niache vitu viende. Nikamwambia, "Dada, mimi nimeacha nchi, nimeacha shule, nimeachwa na mume, nimeacha kuzika mama. Niambie kilichobaki nikiache." Uliniona nimekasirika ukanivuta. Sikukasirika kwa maneno yake. Nilikasirika kwa sababu alikuwa na nafasi ya kukaa chini Jumanne asubuhi akayawaza.

Halafu tukaenda Houston. Tulipopita Corsicana ukanihadithia yule mwanamfalme aliyekuja kuwa Buddha. Kwamba alikuwa na mke amejifungua karibuni, akaondoka wamelala, akaenda kutafuta kweli. Mtoto jina lake lilikuwa Rahula, na watu husema maana yake pingu.

"Mtoto kaitwa Pingu?"

"Mama, it's more complicated."

"Na mkewe, aliamka akafanya nini?"

Hukujua. Ulijua alichosema mwanamfalme chini ya mti, ulijua alikohubiri na wangapi walimfuata. Mkewe aliamka akafanya nini, hukujua. Mimi najua. Alimbadilisha mtoto nepi. Akatazama mlangoni. Akapika. Nilikaa Gulfton nikafanya yote hayo, na hakuna aliyeyajengea hekalu.

Ukasema baadaye alirudi akamchukua na mtoto pia, naye akanyolewa, na babu wa mtoto, baba yake Buddha, akamwendea mwanawe akamwambia: umeniumiza ulipoondoka, umeniumiza mara ya pili kwa mjukuu, basi weka sheria, mtoto wa mtu asichukuliwe bila ruhusa ya wazazi. Na Buddha akakubali. Mwanangu, katika kisa chako chote huyo babu ndiye niliyempenda. Kwa ajili yake kesho nitaulizwa.

Na hekalu la Su Ba, la Wavietnam, nilitaka kulichukia. Nyumba ya kawaida tu, ua mkubwa, mtawa mwanamke amevaa kahawia anasukuma mashine ya kukata majani. Hakuna wanaume mbele. Hakuna wanaume kabisa. Tukakaa nyuma tukasikia wakiimba jina la Buddha wao mwingine, anayekaa magharibi, jina moja tu, tena na tena, vidole vinapita kwenye tasbihi, kengele inalia, wanaanza upya. Ukaninong'oneza kwamba haya ni madhehebu ya Nchi Safi, ya watu wa kawaida, wakulima na akina mama wasio na muda wa kusoma. Ukilitaja jina kwa moyo wote inatosha. Nami nilikuwa nimeshafumba macho. Nilikuwa Mombasa, Alhamisi, baba yangu na wenzake kwenye dhikri. Nilipofumbua nikaogopa. Nilikuja kutafuta ubaya na mwili wangu ulikuwa unatikisika pamoja nao.

Sitakudanganya kwamba kwa hiyo naona ni sawasawa. Mimi ni Mwislamu na nitakufa Mwislamu, na kila nikisujudu nitakuombea urudi. Hilo huwezi kulizuia, kama mimi nisivyoweza kuzuia lako. Unaposema dini zote ni njia za mlima mmoja, unasema kwa sababu umezaliwa kwenye lifti. Mimi njia yangu nimeipanda kwa miguu. Iache kama ilivyo.

Sasa nikwambie jambo usilolijua. Ulipokuwa unapanga viti na wale watawa wadogo, Su Ba aliniita kwenye kile chumba cha chai. Jina hilo Su Ba, uliniambia, ni kama sisi tukisema bibi mtawa, na bibi kweli: mfupi, masikio makubwa, Kiingereza chake kibovu kuliko changu, kwa hiyo tulielewana vizuri sana. Akanimiminia chai. Akaniuliza, "Mother say yes?"

Nikamwambia sijui.

"Good," akasema. "No hurry."

Nikaona nimuulize nami. Mama yake alisemaje, siku yake? Akacheka, meno machache. Akasema alikuwa mtoto wa saba, wakati wa vita, chakula hakuna. Mama yake akampeleka hekaluni kwa mkono, mtawa mkubwa akaanza kuuliza swali, na kabla swali halijaisha mama akasema ndiyo. Akageuka akaondoka haraka, maana ilikuwa inataka kunyesha.

Nikadhani kisa kimeisha. Akazungusha kikombe, kisha akasema, kwa Kiingereza chake hicho cha kuokota, na mimi nakuandikia kwa maneno yangu: amesoma vitabu vyote, amenyoa wasichana wengi, amevuka bahari, amejenga nyumba hii. Na akiamka alfajiri kabla ya kengele bado anajiuliza, mama alinitoa, au alinitupa?

Akasimama, akaenda kupanga machungwa yaliyo mbele ya sanamu, na yalikuwa tayari yamepangwa.

Basi hapo ndipo nilipopata jibu langu, Rukia, na nimekaa nalo mwezi mzima nikilipima.

Kesho Su Ba akiniuliza, nitasema hapana.

Usitupe barua. Endelea kusoma. Sitasema hapana kwa sababu ya Salha, ambaye hata nikikuleta umevaa buibui atapata la kusema. Wala si kwa sababu nimeona ubaya pale; nimeona wanawake wanakaa mbele, na ni mara ya kwanza naona jambo hilo mahali popote pa ibada. Nasema hapana kwa sababu nimechoka, na mtu aliyechoka anapenda sana kusema ndiyo. Nimesema ndiyo kwa kila msimamizi, kwa kila zamu ya ziada, kwa baba yako, kwa kila mtu aliyesimama mbele yangu akiwa na haraka. Ukiniuliza leo nikakubali, hutajua kama nimekutoa kwa moyo au nimetua mzigo. Nami sitajua.

Kwa hiyo nenda. Begi nitalibeba mimi mwenyewe mpaka ndani. Kaa nao, fagia ua, jifunze lugha yao, imba, pika, amka kabla ya kengele uone kama unayapenda maisha hayo siku ambayo hakuna mgeni wa kukutazama. Su Ba amesema wako wanaokaa hivyo bila kunyolewa, na hakuna anayewafukuza. Nywele ziache kichwani. Nilizisuka mimi tangu hazijatosha kushikika, na sijamaliza nazo.

Kisha uje Euless uniulize tena. Usinitumie ujumbe. Uje, ukae mezani, uniulize kwa Kiswahili, na hilo neno tutalitumia, sasa tunalijua sote wawili. Huenda nikasema hapana tena. Utakasirika, utarudi Houston, utakuja tena. Nitaomba Mungu uchoke. Nakwambia mapema usije ukaona nimekuficha. Lakini kama hukuchoka, iko siku nitakutazama nione msichana anayejua anachokitaka, na mimi nitakuwa mwanamke aliyepumzika kidogo, na neno litakalonitoka siku hiyo utaweza kulibeba mpaka uzeeni bila kuligeuzageuza alfajiri.

Mapumziko yamekwisha, wameshaniita kwenye redio, kuna abiria geti la mbali.

Mama yangu alisema ndiyo upesi. Mama yake Su Ba alisema ndiyo kabla swali halijaisha. Wewe utakuwa na mama aliyekawia.

Mama yako,
Zuhura